Amini kairali na ee isiyopanda: tafuta kwanza ni asidi ipi inayofanya kazi

Unatengeneza amini kairali, yaani yenye maumbo mawili yanayoakisiana kama mkono wa kulia na wa kushoto (enantioma). Ukiona ziada ya enantioma moja dhidi ya nyingine, yaani ee, imegoma kwenye asilimia 60 wakati ulitarajia zaidi ya 90, wazo la haraka ni kubadilisha kichocheo. Labda makundi yaliyo pembeni mwake, kwenye nafasi 3 na 3', ni madogo, labda tujaribu makubwa zaidi. Subiri kwanza. Mara nyingi umbo la kichocheo halina kosa lolote. Kichocheo hapa ni asidi, na tatizo ni kwamba asidi uliyoipima kwenye mizani siyo inayofanya kazi ndani ya flaski: ama kuna asidi nyingine imejipenyeza, ama yako imegeuka chumvi bila wewe kujua. Dalili nyingi zilizomo humu zinarudi hapo.

Mmenyuko ninaoutumia kama mfano ni wa kuongeza haidrojeni kwenye ketimini (imini, yaani kifungo pacha cha kaboni na naitrojeni, iliyotokana na ketoni) kwa esta ya Hantzsch, ambayo ndiyo inayotoa haidrojeni, ukichochewa na asidi ya fosfori kairali iliyotengenezwa kutoka BINOL, molekuli kairali ya pete mbili zilizopindana. Asidi za aina hii zilianza kuvuma mwaka 2004, pale Akiyama na Terada, kila mmoja na kundi lake huko Japani, walipozitumia kwenye mmenyuko wa Mannich. Mwaka 2005 Rueping na List, kila mmoja kivyake nchini Ujerumani, wakaonyesha kwamba zinaweza kusimamia uhamishaji wa haidrojeni kwenye ketimini. Mwaka 2006 kundi la MacMillan, Marekani, likaunganisha ketoni na amini moja kwa moja ndani ya flaski ileile bila kuitenga imini. List na MacMillan ndio waliopata Nobeli ya Kemia mwaka 2021 kwa uchochezi wa aina hii usiotegemea metali.

Tuchukue imini ya asetofenoni na para-anisidini, yenye kundi la 4-methoksifenili kwenye naitrojeni (nitaliita PMP), na kichocheo ambacho ni mojawapo ya asidi hizo, kinachojulikana kama TRIP. Kwa milimoli 1 ya imini, yaani miligramu 225, unaweka esta ya Hantzsch miligramu 355 na TRIP asilimia 1 ya moli, ndani ya tolueni kwa nyuzi 35 za Selsiasi. Asilimia 1 hiyo ni miligramu 7.5 tu.

Hizo 7.5 ni milimoli 0.01. Sasa angalia wageni wanaoweza kulingana nazo. Trietilamini miligramu 1 inatosha kuinyamazisha TRIP yote. Asidi ya para-tolueni sulfoniki miligramu 1.9 inalingana nayo kwa idadi ya molekuli, na yenyewe ni kali zaidi. Kalsiamu miligramu 0.2 inatosha kuigeuza yote chumvi. Hakuna hata kimoja kati ya hivi utakachokiona kwa macho kwenye kuta za flaski.

Kabla ya lolote: je, namba yenyewe ni ya kweli?

Nimeona watu wakihangaika kutibu mmenyuko mzima wa afya kwa sababu kromatogramu ilidanganya. Anza na rasemi, yaani mchanganyiko wa enantioma mbili nusu kwa nusu. Ipunguze imini yako kwa sodiamu borohaidraidi ndani ya methanoli, isafishe, kisha ipitishe kwenye HPLC (kromatografia ya kimiminika) ya kolamu kairali, inayotenganisha enantioma. Vilele viwili lazima vitoke 50 kwa 50. Vikitoka 53 kwa 47 kuna kitu kimejificha chini ya kimojawapo, na ee yoyote utakayoipima kwa njia hiyo imeshapinda.

Kwa mmenyuko huu mshukiwa wa kwanza ni piridini inayozaliwa pale esta ya Hantzsch inapotoa haidrojeni yake. Mshukiwa wa pili ni imini iliyobaki. Soma kromatogramu kwa urefu wa wimbi wa aina mbili, mathalani nanomita 254 na 220. Enantioma mbili zinanyonya mwanga kwa namna moja kabisa, kwa hiyo uwiano wa maeneo yao haubadiliki ukibadilisha wimbi. Ukibadilika, kilele kimoja kina mgeni. Kama una enantioma nyingine ya TRIP, fanya mmenyuko nayo pia: vilele vibadilishane ukubwa kama ulivyo, si nusunusu.

Piridini hiyo inakera pia wakati wa kusafisha, maana hupenda kutembea sambamba na zao kwenye silika. Chemsha mchanganyiko na potasiamu haidroksaidi kwenye ethanoli: esta zake zinakuwa chumvi za asidi ya kaboksili na kubaki kwenye tabaka la maji, amini yako inakwenda kwenye tabaka la kiyeyushi.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalijali. Zao lenye ee isiyo kamili, likipita kwenye silika ya kawaida kabisa isiyo kairali, wakati mwingine hujigawa lenyewe: sehemu za mwanzo zinakuwa na ee tofauti na za mwisho. Ukichukua mirija ya katikati tu kwa sababu ndiyo misafi zaidi, umepima ee ya mirija hiyo na si ya mmenyuko. Ufuwelishaji ndio kabisa, unaweza kukupandishia namba pasipo kichocheo kuhusika. Pima ee kwenye mchanganyiko ghafi, au unganisha mirija yote yenye zao kwanza.

Na kama kolamu yako ni ya aina iliyopakwa, kama OD-H au AD-H, usiingize sampuli iliyoyeyushwa kwenye diklorometheni, klorofomu au asetoni. Utaiharibu, na kesho vilele vitaanza kuungana, nawe utadhani kichocheo kimekufa.

Dalili: siku mbili zimepita na imini iko palepale

Asidi imekuwa chumvi, au imepata besi. Hakuna sababu ya tatu inayokuja mara nyingi kama hizi mbili.

Besi huingia kwa nia njema. Imini huvunjika kwenye silika, kwa hiyo mtu anaipooza silika kwa trietilamini, anapata imini nzuri, anaikausha kwa haraka na kuitumia. Harufu kidogo ya samaki iliyobaki kwenye chupa inaweza kuwa ni zaidi ya ile miligramu 1 niliyoitaja. Usiisafishe imini hii kwa kolamu kabisa. Ifuweleshe kutoka methanoli baridi, ichuje, iache kwenye ombwe hadi uzito wake uache kushuka.

Besi nyingine ni zao lenyewe, na hapa ndipo utaona kwa nini PMP imewekwa. Amini ya alkili ni besi kali, pKa (kipimo cha ukali wa asidi) ya asidi yake mwenza huwa karibu na 10, na ikishazaliwa huing'ang'ania asidi. Amini iliyoshika pete ya benzini ni dhaifu zaidi, karibu na 5, hivyo asidi inaachiliwa na kurudi kazini. Ukiamua kubadilisha PMP kwa benzili ili kurahisisha uondoaji baadaye, mmenyuko ukisimama kwenye asilimia chache usishangae.

Kuhusu chumvi, nitairudia hapa chini, maana ndiyo inayoleta pia ee mbaya.

Dalili: mmenyuko unakamilika, mavuno mazuri, ee 40 hadi 75

Hii ndiyo inayowapotezea watu miezi. Usiguse kichocheo. Fanya flaski mbili sambamba: moja na kila kitu, nyingine na kila kitu isipokuwa TRIP. Imini safi na esta ya Hantzsch ndani ya tolueni kwa nyuzi 35, bila asidi, hazitakiwi kufanya jambo lolote la maana. Ukiona zao kwenye flaski isiyo na kichocheo baada ya siku moja, una asidi isiyoalikwa, na asidi hiyo haina mkono wa kulia wala wa kushoto: inatoa rasemi.

Waswahili husema mafahali wawili hawakai zizi moja. Kwenye flaski wanakaa vizuri sana, na huo ndio ubaya. Kila mmoja anazalisha kwa njia yake. Tuseme TRIP yenyewe inatoa ee 98, lakini sehemu moja ya kumi ya zao inapita njia ya asidi ngeni. Unapata 88. Ikipita nusu, unapata 49. Ukisoma 49 kama alama ya ubora wa kichocheo utakwenda kutengeneza kingine kwa wiki kadhaa, nacho kitakupa namba isiyo mbali na hiyo.

Asidi ngeni hutoka wapi? Mara nyingi imini ilitengenezwa kwa kuchemsha ketoni na anisidini ndani ya tolueni, maji yakikusanywa kwenye mtego, na chembe ya asidi ya para-tolueni sulfoniki ili mambo yaende. Chembe hiyo haikwenda popote. Osha mmumunyo wa imini kwa sodiamu haidrojenikaboneti baridi, ukaushe kwa potasiamu kaboneti, kisha ufuweleshe. Au tengeneza imini kwa machujio ya molekuli peke yake, polepole, bila asidi kabisa; mimi napendelea hii ingawa inachukua muda.

Chanzo cha pili ni klorofomu ya NMR, kipimo cha sumaku kinachoonyesha muundo wa molekuli. Ikikaa kwenye mwanga hutoa asidi ya haidrokloriki iliyo na duteri (haidrojeni nzito), ya kutosha kuvunja imini ndani ya mrija wa NMR wenyewe. Anayerudisha sampuli ya NMR kwenye chupa ya imini kwa kuona uchungu wa miligramu 10 anarudisha na asidi. Ipitishe klorofomu kwenye alumina ya besi kabla ya kuitumia, au tumia benzini ya duteri.

Flaski isiyo na TRIP ikiwa safi, yaani hakuna zao ndani yake, basi geukia TRIP yenyewe. Swali: uliisafishaje mara ya mwisho? Kama ni kwa kolamu ya silika, ulichonacho pengine si asidi. Silika ina kalsiamu, sodiamu na metali nyingine kidogo, na asidi ya fosfori huzibeba ikipita. Mwaka 2010 kundi la Ishihara lilionyesha kwamba kwenye mmenyuko mmojawapo wa Mannich, kichocheo halisi kilikuwa fosfeti ya kalsiamu, si asidi iliyoandikwa kwenye karatasi. Mwaka huohuo kundi la List likachapisha uchunguzi wa chumvi zinazochafua TRIP. Kwa mmenyuko wetu tunataka asidi halisi, yenye protoni.

Dawa yake ni rahisi. Yeyusha TRIP kwenye diklorometheni, itikise na asidi ya haidrokloriki ya molari 4 hadi 6, tenganisha, rudia mara kadhaa, kisha osha kwa maji safi yaliyokenekwa. Baada ya hapo watu hufanya kosa la kuikausha kwa magnesiamu salfeti, yaani wanaondoa metali mlangoni na kuiingiza dirishani. Ondoa maji kwa kukausha na tolueni kwenye rotavepa mara mbili tatu, halafu ombwe. Linganisha NMR ya fosforasi kabla na baada: ishara ya chumvi mchanganyiko huwa pana na imesogea, ya asidi safi inakaa mahali pamoja.

Ee ya chini, lakini asidi imeshathibitishwa

Sasa ndipo ufikirie mambo mengine. Kiyeyushi kwanza. Kichocheo hiki kinaishika imini kwa jozi ya ioni na kifungo cha haidrojeni, na huku upande wa pili wa fosfeti unaishika N-H ya esta ya Hantzsch. Kiyeyushi chenye uwezo wa kupokea haidrojeni, kama THF, DMF au alkoholi, kinaingilia mshiko huo. Tolueni na benzini haviingilii. Klorofomu ya dukani mara nyingi huwa na ethanoli kidogo ya kuihifadhi, na hiyo inatosha kuharibu mambo, soma lebo.

Joto husingiziwa kupita kiasi. Ee ya 90 kwa nyuzi 25 maana yake tofauti ya nishati kati ya njia mbili ni kilojuli 7.3 kwa moli. Ya 50 ni 2.7, ya 99 ni 13.1. Kama tofauti hiyo haibadiliki na joto, kupanda nyuzi 10 kunakutoa kutoka 90 hadi 89. Kwa hiyo aliyeko Dar es Salaam kwenye maabara isiyo na kiyoyozi, aliyesoma "joto la chumba" kwenye utaratibu ulioandikwa Ujerumani, asiseme ee ilishuka kutoka 90 hadi 70 kwa sababu ya Januari. Kushuka hadi nyuzi 40 chini ya sifuri kungempandisha hadi 95 hivi, lakini mmenyuko unaochukua siku mbili kwa 35 hautaisha huko.

Mwisho ni umbo la imini. Ketimini ya asetofenoni hukaa zaidi katika umbo la E, kwa sababu metili ni ndogo kuliko pete. Ukiweka etili, au ketoni yenye alkili pande zote mbili, E na Z zinakaribiana na kichocheo kinapata kazi ngumu ya kutofautisha. Hapo ndipo ile hamu ya kubadilisha makundi ya 3 na 3' inapata haki yake: kundi la MacMillan lilitumia trifenilisilili kwa ajili ya kule kuunganisha ketoni na amini moja kwa moja. Kwinolini, ambazo pete inazilazimisha kukaa umbo moja, ni rahisi zaidi. Kundi la Rueping lilizitumia mwaka 2006 kufika kwenye alkaloidi kama galipinini na angusturini.

Dalili: ee ilianza vizuri, ikashuka kadiri mmenyuko ulivyoendelea

Chukua sampuli wakati asilimia 20 ya imini imetumika, na nyingine ikifika 80. Ee ikiwa ileile ya chini mara zote mbili, tatizo lilikuwepo tangu mwanzo; rudi juu. Ikiwa imeshuka, kuna kitu kinazaliwa njiani. Kwa kawaida ni maji yameivunja imini, na para-anisidini iliyoachiliwa inashindana kwenye asidi. Tazama bamba la TLC (kromatografia ya tabaka jembamba): doa la ketoni likikua pamoja na doa la zao, umepata jibu.

Dalili: ketoni inarudi

Maji. Milimoli 1 ya imini inahitaji miligramu 18 za maji kuvunjika yote, na tone moja la pipeti ni takriban miligramu 50.

Machujio ya molekuli yanayotoka moja kwa moja kwenye kopo si makavu, na kwa hewa ya Mombasa au Zanzibar kopo lililofunguliwa wiki iliyopita ni changarawe tu. Yapashe joto kwa nyuzi 300 hivi chini ya ombwe, usiku mzima, yapoe chini ya naitrojeni. Kama umeme hukatika usiku, yafanye mchana ukiwepo. Kumbuka pia yametengenezwa na nini: yale ya matundu ya 3 Å (angstromu) yana potasiamu, ya 4 Å sodiamu, ya 5 Å kalsiamu. Ndiyo, kalsiamu ileile tuliyotoka kuiosha. MacMillan alitumia 5 Å na asilimia 10 ya kichocheo akafanikiwa, kwa hiyo si mwiko. Lakini ukitumia asilimia 1, jaribu bila machujio pia, na imini iliyokwisha kukaushwa, ulinganishe.

Dalili: enantioma imetoka upande usiotarajiwa

Angalia majina kabla ya kuangalia kemia. Enantioma hupewa jina R au S kwa kupanga makundi yake kwa vipaumbele. Ukibadilisha metili kwa trifluorometili, mpangilio huo hugeuka: kwenye metili, pete ya fenili iko juu yake, kwenye trifluorometili, pete iko chini. Molekuli zenye umbo lilelile angani zitaitwa R moja na S nyingine, na hakuna lililoharibika. Vivyo hivyo usitegemee alama ya kuzungusha mwanga peke yake, kwani hubadilika kwa kiyeyushi na mkusanyiko.

Jina likiwa sahihi na bado upande umegeuka, rudi kwenye chumvi. Fosfeti ya metali ni kichocheo kingine chenye hali yake ya mpito, na hakina sababu ya kupendelea upande uleule.

Dalili: TRIP iliyookolewa haifanyi kazi mara ya pili

Uliiokoa kwa kolamu. Ioshe kwa asidi kama nilivyoeleza. Kwa bei yake inafaa kuiokoa kila mara, ila iandike chupa "haijaoshwa" hadi iwe imeoshwa.

Dalili: ee ni 96, lakini PMP haitoki, au inatoka na amini inapotea

Seriamu amoniamu naitreti ndani ya asetonitrili na maji, kwa nyuzi 0, ndiyo njia ya kawaida, na mara nyingi hutoa lami ya kahawia inayoficha kila kitu. Asidi ya periodiki pamoja na asidi ya salfuriki kwenye asetonitrili na maji huwa safi zaidi. Ukimaliza, kwanza osha tabaka la asidi kwa etha ili kwinoni, yaani mabaki ya PMP, iondoke. Amini iko kwenye maji kama chumvi. Ndipo uongeze besi na kuitoa.

Amini unayoipata, 1-feniliethilamini, huchemka kwa nyuzi 187, na kwenye ombwe la rotavepa inaondoka na kiyeyushi ukijisahau. Ikiachwa wazi inanyonya kaboni dioksaidi hewani na kuganda unga mweupe mdomoni mwa chupa. Watu huipima na kusherehekea mavuno ya zaidi ya asilimia 100. Ongeza asidi ya haidrokloriki kwenye etha kabla ya kukausha, ihifadhi kama chumvi, na ee ipime baada ya kuiunganisha na asetili, kwa sababu amini huru huburuta mkia mrefu kwenye kolamu hata ukiweka dietilamini asilimia 0.1.